Mkono wa Mwenye Nyumba

Baba Mdogo Thobias alikuwa afisa vipimo. Kama umewahi kushusha karoti au kabichi kutoka Nyandira kabla hajastaafu, kuna siku alikutoa jasho. Gunia la lumbesa, lile linalojazwa mpaka linaota kichwa na kufungwa kamba juu, yeye alikuwa analifungua hapohapo barabarani, watu wanaona. Mama wa karanga akiwa na kopo lililobonyea chini, Baba Mdogo anachukua kopo, analigeuza, anachungulia tako lake, anamuuliza, "Mama, hili limegongwa na gari au na tamaa?" Sokoni walimwita Mzee Gramu. Akipita, hata mizani nzima zilikuwa zinatetemeka.

Mtu huyo ndiye aliyejenga nyumba Bigwa bila futi kamba.

Lawama ziende India. Alipokaribia kustaafu ofisi ilimpeleka huko kwenye kozi ya mizani za umeme. Wenzake walirudi na vitenge vya sari na dawa za mgongo. Yeye siku ya mapumziko aliingia makumbusho, akakuta mawe ya kupimia ya watu wa kale, yamechongwa pembe nne, hili zito mara mbili ya lile, lile mara mbili ya jingine. Alisimama hapo mpaka mlinzi akamwonea huruma akamletea kiti. Alirudi Morogoro na vitabu vitatu na ugonjwa mmoja.

Nyumbani tukawa hatupumui. Ukitaja laki, anakukatiza: hilo neno ni la Kihindi, mpishe. Mtu akisifia udi wa tola moja, anaanza kueleza mbegu. Zile nyekundu zenye doa jeusi, tulizokuwa tunaziokota utotoni tukaambiwa tusitie mdomoni, masonara wa India walizitumia kupimia dhahabu, na tola moja ni karibu mbegu mia. Wali ukichelewa ndiyo balaa, maana hapo anaingia kwenye vipimo vya muda.

"Nimesha," anasema, "ni kope ikishuka na kupanda. Nimesha nyingi zinafanya kala moja. Kala nyingi zinafanya muhurta. Muhurta thelathini ni usiku na mchana wake."

Nikamuuliza, "Sasa Baba, mtu akisema nimesha kala, anataja saa au ameshashiba?"

Siku hiyo sikupewa chai.

Mimi nilikuwa nakaa kwake tangu nilipoachana na chuo mwaka wa pili, kwa amani, hakuna aliyemdai mwenzake talaka. Naitwa Kelvin. Baba Mdogo alisema ni aibu mtu mwenye jina la kipimo cha joto asiwe na kiasi. Akanipa kazi ya kusimamia ujenzi, yaani kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kushika simu.

Mkewe, Mama Mdogo Winfrida, ni Mluguru wa Kinole, na ni mfupi. Sisemi si mrefu sana. Nasema mfupi, wa kufungua kabati la juu kwa mwiko wa ugali. Baba Mdogo ni Msukuma mwenye mikono ambayo ukiiangalia unadhani ameazima kwa mtu mkubwa zaidi. Wakipiga picha ya pamoja, mpiga picha lazima achague amkate nani.

Ndoa yao yote waliishi kwenye kota na nyumba za kupanga, na kila jiko walilohamia lilijengwa kwa mtu mwingine. Mama Mdogo aliosha vyombo akiwa amesimama juu ya kreti la soda. Alihama nalo. Mkoa huu, mkoa ule, kabla ya kitanda kushuka kwenye lori linashuka kreti. Wakati mtoto wao Joyce akiwa mdogo, kreti lilicheza, Mama Mdogo akaanguka na sufuria ya uji. Kovu lipo mpaka leo, kuanzia kwenye kifundo cha mguu mpaka vidoleni. Kwa hiyo walipopata kiwanja Bigwa, kwa ajili ya nyumba yao ya kwanza na ya mwisho, yeye alikuwa na ombi moja tu.

"Jiko nilifikie."

Wakati anasema hivyo Baba Mdogo alikuwa anatueleza danda, ambayo ni fimbo ya mikono minne. Sidhani kama alisikia.

Kabla msingi haujachimbwa, Baba Mdogo akapata mkataba wa msimu Turiani, kusimamia mizani ya magari ya miwa. Msimu wa miwa mtu haondoki, kwa hiyo nyumba aliijenga kwa simu. Fundi alikuwa Gabrieli, naye mtu wa Kinole, mpole, anajenga tofali huku anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya nne peke yake. Nikaweka simu spika.

"Gabrieli," Baba Mdogo alisema kule, matrekta yananguruma nyuma yake. "Hii nyumba haitumii futi. Futi ni mguu wa mzungu gani sijui, hajawahi kukanyaga Bigwa. Tunatumia hasta."

"Hasta hasta, mzee. Hata mimi sipendi haraka."

"Si hasta hasta ya taratibu. Hasta ni kipimo. Kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Ina vidole ishirini na nne."

"Kumbe mkono," Gabrieli akasema. "Bibi yangu alipimia mikeka hivyo."

"Basi bibi yako alikuwa msomi. Sasa sikiliza. Wale watu wa kale walijua nyumba inatakiwa imfahamu mwenyewe. Pima mkono wa mwenye nyumba, ukate fimbo urefu uleule, fimbo hiyo ijenge kila kitu. Milango hasta nne kwenda juu, hasta mbili upana. Meza ya jikoni hasta mbili. Mchoro ninao kichwani, nitawatajia."

"Mkono wa mwenye nyumba."

"Wa mwenye nyumba. Si wako, si wa Kelvin. Futi kamba mnyang'anyeni kila mtu."

"Sawa, mzee. Nimeelewa."

Alielewa kabisa. Tatizo lilikuwa hapo.

Jioni hiyo nilienda mjini kufuata misumari, niliporudi nikakuta fimbo ya mpera imeshakatwa, imekwanguliwa ganda, imechorwa vidole ishirini na nne kwa kisu. Nikajua wamepima kwa koti la Baba Mdogo, lile la kijivu lililobaki nyumbani. Sikuuliza. Mtu akikaa kwenye ndoo kivulini hana maswali mengi.

Ujenzi ukaenda kwa lugha zote mbili. Baba Mdogo akipiga simu kuuliza kama msingi umemwagiwa maji, namjibu, "Nimesha." Ananiuliza, "Nimesha ngapi?" Namwambia hesabu kope, Baba. Siku moja akasema mafundi wapumzike muhurta moja, yaani kama dakika arobaini na nane. Gabrieli akasikia muhula. Akashukuru sana, akafunga vifaa vyake, akapanda zake Kinole kupalilia migomba. Tulipompata kwenye simu alishangaa kwamba shule zimefunguliwa mapema.

Siku waliyofungua mbao za lenta, lile zege linalopita juu ya milango, ndiyo niliyosimama chini ya mlango wa mbele nikahisi kitu kimenipapasa nywele. Nikatazama juu. Ilikuwa zege. Na mimi si mtu wa kusifiwa urefu.

"Gabrieli, hii fimbo ulipimia koti?"

"Koti lina mkono?" Alikuwa juu ya jukwaa, mwiko mdomoni kama kalamu. Akautoa. "Nilienda kwa mama. Alikuwa anasonga ugali, nikamwambia anyooshe mkono. Akauliza wa nini, nikamwambia mzee kasema."

"Mzee alisema mkono wa mwenye nyumba."

"Ndio huo."

"Mwenye nyumba si yeye anayejenga?"

Gabrieli akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayetia sukari kwenye kisamvu. "Injinia, hiki kiwanja kimetoka wapi?"

Nilijua kilikotoka. Alikitoa Mjomba Athumani, kaka wa mama yake Mama Mdogo, kutoka kwenye ardhi ya ukoo wao. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na anayeigawa ni mjomba. Nilikuwepo siku ya kukabidhiwa, nilikula kuku.

"Kwetu mwanaume anajenga," Gabrieli akaendelea. "Anajenga vizuri tu, tunamshukuru, tunamkaribisha ndani. Lakini ukiniambia mwenye nyumba, mimi siendi kumtafuta Turiani. Ndege anajenga juu ya mti. Umeshasikia watu wanauita mti wa ndege?"

Nikatoa simu kumpigia Baba Mdogo. Nakiri ilinichukua muda, maana nilikuwa nacheka na vidole havikubali. Kabla haijaita, Mama Mdogo akafika na chakula cha mafundi. Akaweka hotpoti chini, akapita chini ya ile lenta bila hata kuinama, akaingia lilipo jiko. Meza ya zege ilikuwa imekauka, tundu la sinki limeshaachwa. Akaegemeza viganja vyake juu ya meza. Akasogea kulia, akasogea kushoto. Akafanya kama anasuuza kikombe. Hakukuwa na maji wala kikombe, na miguu yake yote miwili ilikuwa chini.

Hakuniona. Nikakata simu.

Kwa hiyo nilijua, Gabrieli alijua ila hakuona la ajabu, na Mama Mdogo sijui alijua kiasi gani. Aliyekuwa hajui ni Mzee Gramu peke yake, na kila jioni alikuwa anatutajia hasta zake kwenye simu kwa furaha, nasi tunazijenga. Chumba hasta nane. Dirisha hasta tatu. Akasema, "Mnaona inavyopendeza ikitoka kwenye mwili wa mtu?" Nikamwambia inapendeza, Baba, imemkaa mwenyewe kama gauni.

Msimu ukafungwa. Tulikuwa tumeshahamia, kwa sababu kule tulikopanga mwenye nyumba alitaka kumweka mwanawe. Baba Mdogo akashuka Bigwa Jumamosi asubuhi, ameshika begi, na njiani akakutana na Mjomba Athumani aliyekuwa anakuja na mkungu wa ndizi za kutuzawadia. Nikawaona wanapanda pamoja, Baba Mdogo anaonyesha nyumba kwa mkono, anaeleza. Kwa mbali nyumba ilionekana sawa tu. Kitu kikiwa kidogo pande zote huwezi kujua ni kidogo mpaka asimame mtu.

"Shikamoo Mjomba, shikamoo Baba," nikasema.

"Marahaba. Angalia sasa, Mjomba, mlango wa hasta nne..."

Akagonga kichwa. Haikuwa kugusa. Ilikuwa kugonga kwa mtu anayeingia kwake kwa kujiamini. Bati la paa lilijibu.

Akarudi nyuma hatua moja. Akautazama mlango. Kisha akafanya kitu ambacho ni msomi tu anaweza kufanya, akajaribu tena palepale, polepole, kuthibitisha.

"Nani kaweka mlango huu?"

"Mimi, mzee," Gabrieli akatokea pembeni akifuta mikono. "Karibu nyumbani. Shikamoo."

"Marahaba. Huu una hasta ngapi?"

"Nne. Kama ulivyosema."

"Lete fimbo."

Ikaletwa. Baba Mdogo akaiegemeza kwenye kiwiko chake, akanyoosha mkono. Fimbo ikaishia katikati ya kiganja. Vidole vikabaki vinaning'inia mbele havina kazi.

"Hii ni fimbo ya nani?"

"Ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi."

Kuku alipita. Mjomba Athumani alikuwa ameshakaa kwenye ndoo yangu, amechomoa ndizi moja kwenye mkungu wa zawadi, anaimenya.

"Endelea, mkwe," akasema. "Mimi sijasema kitu."

Mama Mdogo akatoka ndani na mikono imelowa povu. Akamwamkia mjomba wake, akampa mumewe pole ya safari, akaona nundu iliyoanza kuota kwenye paji la uso, akasema na hiyo pole. Kisha akachukua fimbo mkononi mwa Baba Mdogo, akaiweka kwenye mkono wake wa kulia. Kiwiko hapa, kidole cha kati pale. Ilikaa kama imeota.

Baba Mdogo aliitazama kwa muda. Sijawahi kumwona mtu anatazama kipimo sahihi kwa uchungu namna ile.

"Vunja," akamwambia Gabrieli. "Jumatatu mshushe lenta zote, kuta zipande. Na hilo jiko, lote, mlitoe mlianze upya kwa mkono wangu."

"Jiko umeliingia?" Mama Mdogo akauliza.

"Nitaliingiaje, nimepigwa mlangoni."

"Liingie kwanza, Baba Joyce. Ndio ulivunje."

Aliinama, akaingia, sisi nyuma yake. Mama Mdogo alikuwa ameshatangulia kwenye sinki, anamalizia sufuria. Alisimama wima, viwiko vimetulia, hajanyanyua mabega. Baba Mdogo alimtazama miguuni. Nadhani alikuwa anatafuta kreti.

"Nimetia humo vitunguu," Mama Mdogo akasema bila kugeuka. "Lipo kule stoo. Tangu Joyce hajazaliwa naosha sahani zako nikiwa juu yake kama mhubiri. Hili kovu nilipata nikipika uji wako. Ukilivunja hili jiko ukaniwekea la mkono wako, litanifika hapa." Akajigusa chini ya shingo, povu likabaki.

"Ungesema."

"Nilisema. Ulikuwa unaeleza danda."

Baba Mdogo akaipapasa meza. "Winfrida, mimi sikatai jiko. Lakini kipimo kimekosewa. Mimi siwezi kukaa kwenye kipimo kilichokosewa, unanijua."

"Kimekosewa wapi, mzee?" Gabrieli hakuwa na ubishi, aliuliza kweli. "Pima."

Akapima. Mlango wa jikoni: hasta nne, kamili. Meza: hasta mbili, kamili. Dirisha, tatu. Alirudia kwa vidole, alichungulia ukingoni, alipiga magoti. Hakukuwa na punje iliyozidi. Katika maisha yake yote ya kugeuza makopo ya watu sidhani kama aliwahi kukutana na kazi safi kama hiyo, na mdomo wake ukamsaliti. "Sahihi," akasema.

Hapo ndipo shetani wangu alipoamka.

"Baba, swali la darasani. Muuza karanga ameanza kupima kwa kopo dogo. Katikati ya gunia, anaruhusiwa kubadili aweke kubwa?"

"Haruhusiwi."

"Hata kama dogo linamuumiza?"

"Kopo dogo si kosa. Kila mtu analiona ni dogo. Kosa ni kubadili kopo wakati biashara imesha..." Akanikazia macho. "Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu lenta."

"Na ulikuwa unaniambia nini kwenye simu?"

"Kwamba imemkaa mwenyewe kama gauni."

Mjomba Athumani akacheka, akapaliwa na ndizi, Gabrieli akampiga mgongoni. Alipopata sauti akasema, "Mkwe, usimsikilize kijana. Kuvunja kunawezekana. Wewe ulimwambia fundi apime mkono wa mwenye nyumba. Sasa sema tu hapa, mbele yangu, kwamba Winfrida siye. Ni maneno mafupi. Mimi nitayabeba nipande nayo, niwafikishie wenzangu walionituma kumpa kiwanja."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuelekeza choo kilipo.

Baba Mdogo alifungua mdomo. Mama Mdogo alikuwa anasugua sinki ambalo lilishang'aa zamani, ametupa mgongo, na mkono wake ulikuwa umepunguza mwendo. Nikahesabu kope za Baba Mdogo. Zilikuwa nyingi, karibu kala nzima, na kwa mara ya kwanza sikuona cha kuchekesha.

Akafunga mdomo. Akajishika nundu.

"Kelvin."

"Naam Baba."

"Kile kipande cha godoro walichokuwa wanalalia mafundi mchana, kipo?"

"Kipo."

"Kalete. Na misumari midogo."

Nikaleta, na kisu. Alikuwa ameshatoka nje, ameinama vizuri tu, anatazama lenta ya mlango wa mbele akiwa upande wa jua.

"Kata kipande tukipigilie pale juu kwenye fremu. Upana vidole sita. Urefu hasta moja."

"Ya nani?" nikauliza.

Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni, chini ya lenta, nafasi imebaki juu ya kichwa chake ya kutosha kuweka kikapu.

"Wewe mtoto una laana," Baba Mdogo akasema. Akatazama begi lake lililokuwa bado chini kwenye vumbi. "Ya mwenye nyumba."

Mama Mdogo hakuleta fimbo. Alikuja mwenyewe, akachuchumaa, akaulaza mkono wake juu ya godoro, na Gabrieli akachora kwa mkaa kuuzunguka, kuanzia kiwiko mpaka kidole cha kati. Nikakata. Baba Mdogo akapigilia yeye mwenyewe, hakuhitaji ngazi.

Mlango una hasta mbili upana, kwa hiyo godoro lilifunika nusu. Nikamwambia tukate kipande cha pili. Alisema kesho. Mpaka leo akiingia kwa kulia anapokewa vizuri. Akiingia kwa kushoto, tunasikia bati.